Matanga ya Goti Langu

Goti langu la kushoto lilizikwa kabla yangu, na mimi sikualikwa. Nilikuwa hai kabisa, nimelala kitandani hospitalini Beni, koo kavu, kichwa kinazunguka kwa dawa ya usingizi, huku watu wa kwetu wakiimba nyimbo za maziko juu ya kipande changu. Nimeambiwa waliimba vizuri. Mimi ndiye niliyeishonea kwaya yao nguo zake zote, basi ningependa angalau kusikia.

Ngoja nianze mwanzo, maana mtu akisikia goti limezikwa anadhani mimi ndiye niliyepungukiwa na akili.

Nashona nguo Mususa, mjini Butembo. Mashine yangu ni ya kanyagio, chuma cha zamani kinachopiga kelele kama kinanung'unika. Goti lilianza kuvimba polepole, upande wa ndani, juu kidogo ya kifuniko chake. Mwanzoni nililaumu mashine. Baadaye sikuhitaji kulaumu kitu, maana wateja walinifanyia kazi hiyo. Kila mwanamke aliyekuja kupimwa libaya, blauzi ya kitenge, aliacha kwangu vipimo vyake na dawa yangu. Mmoja alisema ni baridi yabisi. Mwingine akasema nimekanyaga kitu nilichotegewa njiani, akanitazama kama anajua nani kakitega. Wa tatu alinipeleka kwa mama mmoja wa kukanda, ambaye alilikanda goti kwa mafuta ya mawese mpaka nikaona nyota mchana, kisha akanipongeza kwamba nina misuli migumu. Haikuwa misuli. Alikuwa anakanda uvimbe ulioko ndani ya mfupa, na uvimbe ulifurahi sana, ukanenepa.

Nilipelekwa pia kwenye chumba cha maombi. Mtumishi wa pale aliliamuru goti litoke. Nikamwambia, "Pasta, goti likitoka nitatembelea nini?" Akaniambia nina roho ya ubishi, na kwamba hiyo nayo itabidi itoke. Mpaka leo haijatoka.

Mwishowe nilipelekwa Beni, kwa daktari wa mifupa. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, mwenye tabia ya kukuchorea kila kitu. Alishika picha ya radio, ile inayoonyesha mifupa, mbele ya dirisha akanionyesha mfupa wa paja, pale unapokutana na goti. Umeliwa ndani, umebaki ganda, kama punje ya muhindi iliyoingiwa na wadudu.

"Mama," akasema, "nitakata kile kipande chote kilichoharibika, na goti ndani yake. Nitachukua mfupa mwembamba wa muundi wa mguu ule mwingine, niuweke pale katikati. Kisha napitisha chuma kirefu, kutoka paja mpaka chini, mifupa ishikane, iwe mfupa mmoja. Mguu utabaki. Utasimama, utatembea, utashona. Mais, lakini, kukunja hapana tena."

Nilimwuliza kama hakuna goti la kuwekwa badala. Akasema yapo, ya chuma, yanayokunjika vizuri sana, huko kwa watu wenye mali na amani. Hakusema kwa ubaya.

Kisha akaweka kalamu chini, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Akanieleza kwamba uvimbe wa namna ile huwa wa aina mbili. Mmoja ni wa polepole, unakula mfupa mahali ulipo na hauendi mbali. Mwingine unasafiri, unapanda mpaka mapafuni. Walikuwa wamekwisha kunichoma sindano kubwa na kutoa kipande kidogo, wakakipeleka labo, yaani maabara, ng'ambo ya mpaka, na labo ikajibu kwamba kipande hakitoshi, hawawezi kusema.

"Donc, basi," akasema, "nikishakata, kipande chote kinakwenda labo. Wakisema ni ule wa polepole, mguu ni wako mpaka uzeeke. Wakisema ni ule mwingine, itabidi nirudi nikate huku." Akaweka mkono wake juu ya paja langu, karibu na nyonga. Mahali pale nilipakumbuka kila siku, hata nikioga nilipaosha haraka.

Tulirudi Butembo kufanya kikao cha familia, maana kwetu hakuna mtu anayekatwa kitu bila kikao. Familia yangu sasa ni ndogo: mama yangu, na baba mdogo, ndugu yake marehemu baba yangu, anayemwita yaya mpaka leo, yaani kaka mkubwa. Zamani tulikuwa wengi, tukiishi Mabalako, kwenye shamba letu la kakao, mpaka watu wa msituni walipoanza kuua majirani. Tukakimbia na tulichoweza kubeba. Baba yangu yuko kule bado, chini ya udongo, kando ya nyumba. Sisi tuko Butembo, kwenye nyumba ya kukodi, na tangu tulipofika tunasema tuko hapa kwa muda tu.

Mama yangu ni Mkatoliki, wa rozari na misa ya asubuhi. Baba mdogo ni shemasi wa Kiprotestanti, mwenye kofia anayoivua mbele ya Mungu na mbele ya maiti tu. Wanapendana, na hawajawahi kukubaliana hata juu ya chumvi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Sasa atapiga magoti namna gani mu misa?" mama aliuliza. Ndilo lililokuwa swali lake la kwanza. Mfupa umeoza, mguu uko hatarini, yeye anahesabu mara za kupiga magoti.

Baba mdogo alikaa sawa kwenye kiti. Alikuwa amengoja nafasi ile kwa miaka. "Shemeji, kwetu tunaomba tukisimama. Aje kwetu. Ile goti haiwezi kumusumbua."

"Unataka kuiba mutoto yangu juu ya goti moja?"

"Hapana kuiba. Ni Mungu njo anafungua mulango."

Wakagombana juu ya roho yangu mpaka chai ikapoa, na mimi nimekaa katikati, mguu juu ya kigoda, hakuna aliyeniuliza kama naumwa. Walipomaliza dini wakaingia kwenye moto, ndivyo tunavyoita pikipiki. Mguu ulionyooka utakaaje juu ya pikipiki? Utagonga watu wa njia. Utagonga mbuzi. Kisha baba mdogo, ambaye hajawahi kutaja choo mbele ya wanawake, akakohoa na kutaja choo. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Mama akatazama juu. Baba mdogo akasema yeye atatengeneza kiti, chenye tundu, cha mbao nzuri, na kwamba mtu asiulize zaidi. Basi kikao kikafungwa kwa sala mbili, moja ya kila upande, na ikaonekana nimekubali kukatwa.

Siku ya upasuaji nilisindikizwa na wote wawili. Naukumbuka mlango, taa, na daktari akiniambia nihesabu. Sikumbuki nilifika wapi.

Nilipoamka, miguu yote miwili iliuma, wa kushoto kwa kukatwa na wa kulia kwa kuibiwa mfupa. Niligusa blanketi, nikaushika mguu wangu wa kushoto. Ulikuwepo. Umefungwa, mzito, umenyooka kama umemkasirikia mtu, lakini ulikuwepo. Nililia kwa furaha, nasema wazi. Mama alikuwa kando yangu. Baba mdogo hakuwepo.

"Baba mudogo iko wapi?"

"Atakuja," mama akasema, akaanza kupanga machungwa ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa.

Kesho yake walikuja akina mama wanne wa kanisa la baba mdogo, watu wa Mabalako waliokimbilia Beni. Wamevaa vikwembe, yaani vitenge, vya huzuni, wameleta fufu na sombe kwenye sufuria kubwa, chakula kingi kuliko cha mgonjwa mmoja. Mmoja alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, mama. Mungu amesaidia. Ilipumzika muzuri."

"Nini njo ilipumzika?"

"Goti."

Nikamtazama mama. Mama akautazama ukuta.

"Tulikuwa batu wengi," yule mama akaendelea, akitaka kunifariji. "Hata pasta alikuja. Alihubiri juu ya viungo vya mwili, batu balilia. Kaburi ni kadogo mais ni kazuri."

Aka! Nilitaka kuinuka kitandani, chuma kikanikumbusha kwamba siinuki. Nikaanza kucheka, nyuzi za kidonda zikanivuta, nikaanza kulia kwa maumivu, na wale akina mama, walipoona nalia, wakalia na mimi, wakidhani ndiyo huzuni imenifikia. Ikabidi ningoje wamalize.

Walipoondoka nilimbana mama, akasema. Ilikuwa hivi. Kwetu, kinachokatwa kwa mtu kinarudi kwa watu wake. Hatutupi mtu jalalani, hata kidole chake. Siku moja kabla yangu, mchimba dhahabu mmoja kutoka Manguredjipa alikatwa mguu ulioangukiwa na jiwe shimoni, na ndugu zake wakaubeba kwenye gunia kwenda kuuzika. Kwa hiyo muuguzi aliyeingia kazini mchana ule, alipokuta ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko, na ndani kuna kipande cha mtu kwenye maji makali ya formoli ya kuzuia kuoza, alifanya wanavyofanya siku zote. Alitoka uwanjani akaita familia ya mgonjwa wa goti.

Baba mdogo alisimama. Akavua kofia.

Yeye alikuwa ameelewa jambo la labo kwa namna yake. Mara ya kwanza labo ilipewa kipande kidogo kama punje, basi akafikiri safari hii pia wamekwisha kujichukulia punje yao. Ndoo nzima, kwa akili yake, ilikuwa ya familia. Mama alitaka kuizika karibu, nyuma ya kanisa moja pale Beni. Baba mdogo akakataa kabisa.

"Alisema mutu yetu hawezi kuzikwa ku udongo ya benyewe," mama akaniambia. "Alikuja na moto, akaweka ndoo ku mapaja, bakaenda Mabalako."

"Mabalako! Kule tulikimbia?"

"Kuko batu banarudiaka muchana, kuvuna kakao. Alibakuta. Basi bakafanya matanga."

Walizika goti na watu wakachangia chakula. Mimi nilipokuwa nalala na mdomo wazi, watu walikuwa wanazungumza juu ya tabia njema ya goti langu, lilivyokanyaga mashine bila kuchoka. Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Nikasema akirudi nitamwonyesha.

Lakini aliyekuja kwanza ni daktari, asubuhi, kwenye mzunguko wake. Alitazama kidonda, akagusa vidole vya mguu, akaridhika. Kisha akasema kwa sauti yake ile ya chini, "Mama, watu wa labo wananiuliza. Gari lao limepita jana, hawakupata kipande. Muuguzi anasema kiko kwa familia. Kiko wapi?"

"Kimelala," mama akajibu.

"Kimelala wapi?"

"Mabalako, dokta. Ku pembeni ya nyumba."

Daktari alivua miwani. Aliifuta kwa koti lake kwa muda mrefu, akaivaa, akaivua tena. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, na mtu mkubwa wa hospitali akikaa kitandani kwako ujue mambo ni mabaya.

"Bila kile kipande sijui nimekutoa nini," akasema. "Naweza kukuacha hivi, na kama ni ule mbaya, utapanda juu tukiwa tunasubiri. Au nikate mguu wote kwa kuogopa, na labda haikuwa lazima. Nakitaka kile kipande, mama."

Basi ikawa hivyo. Mguu wangu, na pengine mimi mwenyewe, tulikuwa kwenye ndoo, chini ya udongo, mahali ambapo serikali yenyewe haiendi bila bunduki.

Baba mdogo alirudi mchana ule, amenyoa ndevu, uso wa mtu aliyetimiza wajibu. Aliniletea hata sehemu yangu ya nyama ya matanga, imefungwa kwenye jani la mgomba. Nilimwacha aketi. Nikamweleza.

Mwanzo hakuelewa. Alipoelewa, rangi ilimtoka. Lakini ushemasi ukamshika.

"Mama," akaniambia, maana ananiita hivyo tangu nazaliwa, "hatufukuaka mutu. Tumeomba, tumeimba, pasta alifunga na baraka. Ukifukua, unafungua mambo. Batu batasema nini?"

"Batu gani?"

"Balikuja ku matanga. Balikula."

"Baba mudogo, nisikilize. Marehemu ni nani?"

Sikumngoja ajibu.

"Marehemu ni mimi! Ni goti yangu. Na marehemu mwenyewe iko hapa, anakula machungwa, anasema: nifukueni!"

Nilisema kwa sauti kubwa hata mgonjwa wa kitanda cha pili, mtu wa mgongo ambaye hakuwa amecheka tangu alipoletwa, akacheka mpaka akaomba msaada. Mama akafanya ishara ya msalaba. Baba mdogo akageuza kofia mikononi, akaigeuza tena.

Daktari, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwuliza neno moja tu. "Papa, ulifungua ile ndoo?"

Baba mdogo alikasirika. "Dokta! Nifungue sanduku ya mutu?"

"Basi haijaoza. Ile dawa inailinda. Ilete vilevile, usiifungue."

Na baba mdogo, baada ya kuutazama mguu wangu uliofungwa, alivaa kofia akatoka bila kuaga. Nilisikia pikipiki ikiwaka nje ya ukuta.

Jioni habari zikafika hospitalini, kama zinavyofika siku zote, kupitia simu ya mtu aliye na ndugu huko. Risasi zimelia njia ya Mabalako. Wavunaji wa kakao wamekimbia. Nani amekufa, haijulikani. Tulipiga simu ya baba mdogo, haikuingia. Tukapiga tena.

Mama alipiga magoti kwenye saruji, kando ya kitanda changu, akatoa rozari. Nilitazama magoti yake yakikunjika bila shida yoyote, na nikayaonea wivu, kisha nikaona haya. Sisemi kwa kuzunguka: niliogopa. Niliogopa kuliko siku ya kukatwa. Hasira yote ilinitoka. Mtu mzima, shemasi, alikuwa anachimba udongo kwa mikono kwa ajili ya kipande cha mfupa wangu, na kama angeuawa pale, mguu huu ningeuburuza maisha yangu yote na kumwona yeye kila ninapoutazama. Nikamwambia Mungu achukue mguu, amrudishe mzee.

Akarudi siku ya pili, adhuhuri. Alikuja kwa miguu, mwenye moto alikuwa amemwacha njiani, Mangina. Suruali ina matope mpaka kiunoni, kofia hana, na kichwani pale pa kofia amebeba ndoo, imefungwa kwa kikwembe cha mwanamke asiyemjua. Aliiweka miguuni pa daktari, akakaa sakafuni, akaomba maji.

Alikunywa, ndipo akaanza kutusimulia, na alipoanza, ule ushemasi ulirudi wote. Alipofika shambani hakukuwa na mtu, wote wamekimbia risasi. Alichimba peke yake, kwa jembe lililoachwa. Akalala kwenye kakao mpaka asubuhi. Njiani, kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, askari akaigonga ndoo kwa ncha ya bunduki.

"Papa, nini oyo?"

"Goti."

"Goti ya nani?"

"Ya mutoto ya yaya yangu."

"Alikufa?"

"Hapana. Iko hopitali, anakula machungwa."

Askari alimwita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasikia neno Mabalako, akaiona ndoo, akarudi nyuma hatua. Tangu ule ugonjwa wa Ebola upite kule, hakuna mtu mwenye akili anayefungua ndoo ya Mabalako, hata mwenye nyota mabegani. "Tika aleka, noki noki!" akapiga kelele, yaani aachwe apite, upesi. Baba mdogo alisema katika maisha yake yote hajawahi kupita barrière kwa heshima namna ile, bila hata mtu kumwomba ya sigara.

Tulicheka wote, hata daktari. Kisha baba mdogo akaacha kucheka.

"Nyumba haina mabati tena," akasema. "Balichukua. Mais kakao imezaa, mama. Imezaa mpaka inaangukia chini, hakuna mutu wa kuokota."

"Na kaburi?"

"Ya baba yako iko muzuri. Nilikuwa nimekuweka pale pembeni yake, hivi." Akaonyesha kwa viganja, kimoja kando ya kingine. "Sababu iko peke yake tangu tulikimbia. Nilisema basi, hata kipande kimusindikize. Sasa kumunyanganya ilikuwa mubaya sana. Nilimwambia: yaya, unisamehe, naichukua, mutoto anaihitaji. Siku ingine atakuletea mwenyewe."

Akafunika uso kwa mikono yenye udongo. Sikuweza kuinuka kumshika. Nilinyoosha mkono, ukafika begani kwake. Nikamwambia wasingya, asante ya Kinande, kwa sababu ya Kiswahili ilionekana haitoshi.

Jibu la labo lilichelewa kwa kadiri yake, tukiwa tumekwisha kurudi Butembo. Daktari alinipigia simu mwenyewe. Ni ule wa polepole. Inabidi aupige picha kila mara, unaweza kurudi, lakini hausafiri. Mguu ni wangu. Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Baba mdogo akasema Bwana asifiwe, akakaa sawa kwenye kiti, nikajua anakuja na maelezo.

"Munaona? Ililala mu udongo ya kwetu. Udongo ya kwetu njo iliituliza."

Nilimweleza daktari maelezo hayo nilipokwenda kupigwa picha. Aliyaandika mahali, sijui kama ni kwa dhihaka.

Sasa natembea. Kiatu cha kushoto kimeongezwa soli, na mguu unakwenda mbele yangu kwanza, mimi nafuata. Kwenye moto nakaa ubavu, mguu umenyooka mbele, na madereva wa Mususa wananigombania kwa sababu nafungua njia, hata magari yananipisha. Kwenye misa nakaa mwisho wa benchi. Wanaopitisha kapu la sadaka wanauruka mguu wangu kama watoto wanaocheza, na padre anajifanya haoni. Nashona kwa mguu wa kulia. Kile kiti cha tundu baba mdogo alikitengeneza kweli, kwa mbao za mahogani, kizuri kuliko vyote vya sebuleni. Siku moja mgeni wa heshima alikaribia kukikalia, tukapiga kelele sote kwa pamoja.

Imebaki ndoo. Labo walikata vipande vyao vyembamba, kilichobaki wakakirudisha Beni, na hospitali ikatupigia tukichukue, mara hii kwa kutuuliza mara mbili kama tumeelewa. Iko chini ya meza yangu ya kukatia nguo, nimeifunika kwa kitambaa. Wateja wanadhani ni vifungo. Mwenye nyumba amekataa isizikwe uwanjani kwake, anasema ile ni parcelle, kiwanja cha kukodisha, si makaburi, na baba mdogo alikubaliana naye papo hapo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Njia ya Mabalako imefungwa tena. Wale waliorudi kuvuna kakao, wale walioimba, wako Beni kwenye nyumba za watu.

Kila Jumapili, kanisa la kila mmoja likiisha, baba mdogo anakuja Mususa. Ananiamuru nitembee kutoka mlangoni mpaka barabarani na kurudi. Anatazama mguu, hatazami uso. Jumapili iliyopita aliinama akavuta ndoo kidogo, akaangalia kifuniko, akairudisha.

"Mama," akaniuliza, "sasa mguu inaweza kufika Mabalako?"

"Mguu inaweza, baba mudogo," nikamwambia. "Njia njo haiko."